Kuhamia pwani ya Dar es Salaam: dhana potofu zinazowagharimu wapangaji na wanunuzi wa viwanja

Anayehamia Dar es Salaam akitokea Dodoma, Mbeya, Mwanza au ughaibuni, na akatamani kuishi karibu na bahari, huanza kwa kuulizia majina ya maeneo: Mbezi Beach kukoje, Kigamboni je, Mbweni panafaa? Majibu anayopewa na ndugu, jamaa na madalali hutolewa kwa nia njema, lakini mengi yamejengwa juu ya dhana zisizo sahihi. Gharama ya dhana hizo hulipwa mapema, kwa sababu wenye nyumba wengi jijini hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye huchukua malipo yanayolingana na kodi ya mwezi mmoja. Aliyekosea hawezi kuhama wiki inayofuata.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mafuriko ya pwani huletwa na bahari, kwa hiyo aliye mbali na ufukwe yuko salama. Ukweli ni kwamba maji yanayoingia majumbani Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa, ni ya mvua na ya mito. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, ukapita katikati ya jiji na kutandaa katika eneo la Jangwani kabla ya kufika baharini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini, na familia nyingi zilizokuwa mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kaskazini kuna mito ya Mbezi, Tegeta na Mpiji, na kusini kuna Kizinga na Mzinga, nayo yote hufurika wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na pengine wakati wa vuli. Sehemu za Mikocheni na Msasani Bonde la Mpunga hujaa maji kwa sababu ardhi yake ni ya chini na njia za asili za maji zimejengewa nyumba na kuta, ilhali nyumba iliyo juu ya mwamba wa matumbawe, hatua chache tu kutoka baharini, inaweza kubaki kavu. Bahari huchangia kwa njia nyingine: mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, maji ya mito hukosa pa kutokea na kurudi nyuma mitaani.

Ndiyo maana nashauri nyumba itazamwe siku ambayo mvua imenyesha. Kama ni kiangazi, itazame kwa makini sehemu ya chini. Mstari wa tope unaoonekana chini ya rangi mpya, miimo ya milango iliyooza kuanzia sakafuni, soketi zilizohamishiwa juu ukutani, vizingiti vya majirani vilivyoinuliwa kwa tofali mbili au tatu, na viroba vya mchanga vilivyosahaulika pembeni mwa geti vina habari ambayo mkataba hautaji. Muulize pia mwenye genge la ng'ambo ya barabara maji yalifika wapi masika iliyopita. Yeye hana kamisheni katika nyumba hiyo.

Wapo pia wanaosema kuwa pwani yetu haina vimbunga. Ni vichache kweli, lakini Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Paa la bati lililofungwa kwa misumari michache halifai kupuuzwa.

Kuhusu usalama, wengi huamini kwamba eneo ghali ndilo eneo salama. Masaki na Oysterbay zina kuta ndefu, nyaya za umeme na walinzi, na ndani ya geti mtu hulala kwa amani. Nje ya geti hali ni tofauti: barabara nyingi huwa tupu, na anayetembea kwa miguu akiwa na mkoba au simu mkononi anaweza kunyakuliwa na mtu aliye kwenye pikipiki. Mtaa wa watu wa kipato cha kati, wenye maduka yanayofungwa usiku sana, majirani wanaojuana kwa majina na ulinzi shirikishi unaofanya kazi, unaweza kuwa salama zaidi kwa mama anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku. Sisemi kwamba kila mtaa wa bei nafuu ni salama. Maeneo mapya ya Bunju au ya ndani ya Kigamboni, yenye mapagale mengi, nyumba chache zenye watu na njia zisizo na taa, yanahitaji tahadhari kubwa. Kipimo ninachokiamini ni kutembea usiku, ukiwa na mwenzako, kutoka kituo cha daladala hadi kwenye nyumba unayotaka kupanga, kisha kesho yake kwenda ofisi ya serikali ya mtaa kumwuliza mwenyekiti au mtendaji matukio ya karibuni. Ofisi hiyo utaihitaji hata hivyo, kwa barua ya utambulisho.

Kwa upande wa bei, kuna dhana mbili zinazopingana, na zote zina kasoro. Ya kwanza inasema karibu na bahari hakuna cha nafuu. Lakini ukivuka Barabara ya Bagamoyo kutoka Mbezi Beach kuelekea Mbezi Juu na Goba, kodi hushuka huku mwinuko wa ardhi ukiongezeka, na ufukwe haujawa mbali. Ya pili inasema anayehamia Kigamboni ameokoa fedha. Kodi za Kibada, Mji Mwema au Geza Ulole huweza kuwa ndogo, na Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016 kuunganisha eneo hilo na Kurasini, limerahisisha mengi. Hata hivyo magari hulipa tozo darajani, pantoni ya Magogoni ina foleni zake, na njia ya nchi kavu kupitia Kongowe ni ndefu. Anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, anaweza kufaidika. Anayefanya kazi Mwenge au Ubungo, mwenye watoto wanaosoma upande wa pili wa daraja, ajumlishe kodi, nauli za watu wote na tozo za mwezi mzima kabla ya kulinganisha.

Katika hesabu hiyo aingize na maji. Kusikia kwamba nyumba ina kisima hakutoshi, maana visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Omba ndoo moja, osha mikono kwa sabuni ya mche: povu likikataa kutoka, jua kwamba maji ya kunywa na kupikia utayanunua. Uliza kama kuna mita ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na maji hutoka siku zipi. Upepo wa bahari nao hula nondo za madirisha, bati na majokofu, na tofali zilizofyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni huvuta unyevu hadi lipu inabanduka.

Dhana inayowaumiza watu zaidi inahusu viwanja: kwamba hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inatosha. Serikali ya mtaa hushuhudia mauziano. Haina mamlaka ya kumilikisha ardhi. Kwa ardhi iliyopimwa, mnunuzi afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi ili aone jina la mmiliki, rehani au zuio lililopo, na alinganishe ramani ya upimaji na mawe ya mipaka yaliyopo kiwanjani. Aangalie pia ramani ya mipango miji, kwa sababu mwaka 2008 Serikali ilipotangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, watu wenye maeneo yao halali walikaa miaka kadhaa bila kuruhusiwa kuyaendeleza.

Kama kiwanja kinagusa ufukwe, kuna jambo moja zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, na kuta zilizowahi kuandikwa alama ya X nyekundu, ya kuamuru nyumba ibomolewe, katika Bonde la Msimbazi zilionyesha kwamba katazo hilo hutekelezwa hata kwa aliyekaa miaka mingi. Ukingo wenyewe nao hausimami mahali pamoja. Kunduchi, bahari imekula ufukwe kwa miongo kadhaa na kuharibu majengo, mojawapo ya sababu ikiwa uchimbaji wa mchanga katika mito ambayo zamani iliuleta mchanga huo pwani. Anayeuziwa kiwanja kilicho mita 65 kutoka kwenye maji apime mwenyewe, maji yakiwa yamejaa wakati wa bamvua, na awaulize wavuvi wa hapo mti wa mwisho ulikuwa wapi miaka kumi iliyopita. Wakionyesha kidole kuelekea majini, asitoe hata arubuni.