Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Duka la Spea

Mzee mmoja anayepakia chumvi upande wa Gongoni alitujia chuoni akiwa na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na sensa tatu za joto la maji, yaani vifaa vya kuipimia kompyuta ya injini joto la maji ya kupozea, zote za shaveli moja (mtambo wa kuchota na kupakia) aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kila alipofunga mpya, taa ya njano ilizimika, akashukuru Mungu, kisha kabla ya adhuhuri ikawaka tena. Alitaka tumwambie duka gani linauza sensa "original".

Sensa zote tatu zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye plagi: pini moja imeota kutu ya kijani. Kila fundi alipochomoa plagi na kuirudisha, pini ilikwaruzika kidogo na umeme ukapita. Injini ikishapata moto na kutetemeka saa mbili tatu, mguso ulikatika. Kilichokuwa kikitibu kwa muda ni mkwaruzo tu, lakini aliyekuwa akisifiwa ni sensa mpya.

Kisa hiki tunakutana nacho mno pwani hii, hasa kwa mashine za mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni na za matimbo ya mawe. Hewa yenye chumvi huingia kwenye plagi ambayo mpira wake umekauka, na mashine ya mitumba imeshafunguliwa na mikono mingi kabla ya kukufikia wewe.

Kompyuta ya injini haiioni sensa, inaona volti tu. Sensa nyingi hupelekewa volti 5, na kompyuta husoma kinachorudi. Kwa hiyo namba inayotokea kwenye skrini inataja njia nzima: sensa, plagi, waya, hadi kompyuta yenyewe. Kwenye mitambo inayofuata mfumo wa J1939, yaani lugha ya pamoja ya kompyuta za mitambo mikubwa, utaona namba mbili. SPN inasema ni kipimo gani: 100 ni presha ya oili, 110 ni joto la maji. FMI inasema kuna nini, na hapa ndipo wengi wanapopotea. FMI 3 ni volti iliyopanda kupita kiasi, 4 ni iliyoshuka kupita kiasi. Hizo ni habari za umeme. Lakini FMI 0 na 1 zinasema kipimo kimesomeka sawasawa, ila chenyewe kimezidi au kimepungua mno. Ukiona 110 na 0, injini inachemka kweli. Angalia maji, feni na radieta, uiache sensa. Kampuni nyingine zina namba zao wenyewe, basi tafuta kitabu cha mashine yako.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji hata bisibisi. Mashine ikilala usiku kucha, fika alfajiri, washa swichi bila kupiga injini (usiiwashe ikazunguka), usome joto la maji, la oili na la hewa inayoingia. Vyote vimelala pamoja, kwa hiyo lazima vikaribiane na joto la asubuhi hiyo, nyuzi ishirini na kitu hapa Malindi. Kimoja kikisema -40, njia yake imekatika. Kikisema 80 wakati bloku ni baridi mkononi, kuna shoti, au kuna mtu amefanya ujanja. Tumewahi kufungua mashine tukakuta rezista ndogo (kikinza umeme) imefungwa kwa utepe mweusi mahali pa sensa, ili kompyuta idhani injini iko sawa siku zote. Injini ya namna hiyo ikichemka, hakuna taa itakayokuonya.

Asubuhi hiyo hiyo tazama presha ya hewa ya tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), kama skrini inaonyesha presha kamili, yaani inayohesabu na presha ya hewa ya nje. Hapa usawa wa bahari, injini ikiwa imezimwa, itakuwa karibu kilopaskali 101. Nairobi ingekuwa karibu 83. Mashine iliyosimama Malindi ikikusomea 83, hiyo sensa inaota iko bara.

Kisha ndiyo mita ya fundi ya kupimia volti na omu. Chomoa plagi ya sensa ya joto yenye waya mbili, utazame skrini: isomeke baridi kabisa. Unganisha pini mbili za upande wa waya kwa kipande kidogo cha waya: isomeke moto kabisa. Ikifanya hivyo, waya na kompyuta ni wazima, na sensa sasa ndiyo mshukiwa. Ipime omu: nyingi husoma maelfu ya omu zikiwa baridi na mamia zikiwa moto. Ujanja huu wa kuunganisha usiufanye kwenye sensa ya waya tatu, kwa sababu unaweza kuipiga shoti ile volti 5.

Na hiyo volti 5 ina vituko vyake. Mara nyingi sensa kadhaa hugawana laini moja. Moja ikipiga shoti, zote zinaanguka, skrini inajaa namba, na mwenye mashine anaambiwa kompyuta imekufa. Chomoa sensa moja moja huku mita ikiwa kwenye laini hiyo. Volti itakaporudi, umeshika mwizi. Taa ya kupimia yenye balbu usiitumie hapa, na usitoboe waya kwa sindano: tundu lile ni mlango wa chumvi.

Presha ya oili ni jambo jingine kabisa. Taa yake ikiwaka, zima injini kwanza. Funga geji ya kawaida kwenye bloku, upate presha halisi kabla ya kuituhumu sensa. Sensa inabadilishwa dakika kumi. Krenkishafti (mhimili mkuu wa injini) iliyosagika huitengenezi siku moja.

Mafundi wa kuchomelea nao wana mchango wao. Ndoo ya shaveli ikichomelewa, betri zitolewe waya na kompyuta ichomolewe plagi, na klempu ya hasi ishikwe karibu kabisa na pale panapochomelewa. Kuosha injini kwa mashine ya presha kali nako kunasukuma maji ndani ya plagi. Ukimaliza kusafisha pini, paka grisi maalumu ya umeme kwenye mpira, siyo grisi ya bearingi.

Kama bado hujanunua, nenda kuiona mashine alfajiri. Ukiikuta imeshapigwa na ina moto, mwambie muuzaji utarudi kesho, na kwamba kesho utapenda kuipiga mwenyewe.