"Wametiliwa sumu!"

Kila msimu wa kaskazi huku Zanzibar, baina ya Disemba na Machi, huitwa bondeni asubuhi kutazama perege waliokufa, na kila nikifika nakuta jirani keshatajwa: "Katia utupa," ule mmea wa sumu ya kuvulia samaki. Linaniudhi sana hili, maana nimeona watu wa mtaa mmoja wakinyimana salamu kwa samaki waliokufa kwa kukosa hewa.

Maji ya mito, yasiyo na chumvi, tunayaita maji baridi, lakini ubaridi ni wa jina tu. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama 7 na nusu. Na samaki aliye kwenye joto huhitaji oksijeni zaidi, si kidogo. Usiku mwani na majani huitumia oksijeni hiyohiyo bila kutoa nyingine, kwa hivyo alfajiri ndipo inapokuwa chache kabisa. Mto ukishakatika ukabaki madimbwi, samaki wamebanana humo. Dunia inavyozidi joto, usiku mmoja mbaya unatosha kuwamaliza.

Kabla hujamtaja mtu, tazama. Wamekufa alfajiri? Wakubwa wametangulia? Waliobaki wanatweta midomo juu, na kambare wazima? Hiyo ni oksijeni. Utupa hauna saa. Hata mchana kweupe wakubwa kwa wadogo huelea pamoja.

Na yapo maneno mengine ya watu. "Joto hukuza samaki." Lina kiasi chake. Perege hustawi kwenye nyuzi 27 hadi 32 hivi. Likizidi sana, hata kula hawali.

"Kambare hafi kwa ukame." Mkubwa huvuta hewa ya juu, sawa. Kifaranga wa siku chache hana ila matamvua ya kupumulia majini.

"Mvua nyingi, samaki wengi." Kambare hupanda kutaga kwenye majani yaliyofurika. Mvua ikimwagika siku mbili kisha likafuata jua kali, maji hurudi nyuma na mayai hukaukia pale pale.

"Wakiona joto watahama." Wahamie wapi? Unguja na Pemba hazina milima yenye vijito vya baridi, na baadhi ya mito ya Unguja huzama kwenye mawe ya mwamba kabla ya kufika pwani. Kimbilio lao ni kivuli. Ndiyo maana nawaomba wenye mabonde, kila nikikutana nao: miti ya ukingoni msiikate, na jembe lisifike kwenye maji.