Je, wajua kwa nini kitenzi cha Kifaransa être (kuwa) peke yake hukiuka kanuni ya imparfait?

Mwanafunzi wa Kifaransa aliyekwisha kusumbuliwa na vitenzi vya wakati uliopo hupata nafuu asiyoitarajia anapofika kwenye imparfait, yaani wakati uliopita wa hali isiyotimilifu, kwa kuwa hapo karibu vitenzi vyote hutii kanuni moja. Chukua umbo la nafsi ya kwanza wingi la wakati uliopo, ondoa -ons, kisha weka viambishi -ais, -ais, -ait, -ions, -iez na -aient kwa kufuata mpangilio wa nafsi. Nous parlons hutupa shina parl-, na kutokana nalo tunapata je parlais, tu parlais, il parlait, nous parlions, vous parliez, ils parlaient. Katika matamshi kazi huzidi kupungua, maana -ais, -ait na -aient hutamkwa sawasawa.

Hata vitenzi vyenye sifa ya ukorofi hutulia hapa. Boire husema je bois lakini nous buvons, basi huwa je buvais. Prendre hutoa nous prenons, basi je prenais. Finir hutoa nous finissons, basi je finissais. Faire hurithi hata matamshi: katika nous faisons silabi ya kwanza hutamkwa kwa irabu hafifu kama ya neno le, na irabu hiyohiyo husikika katika je faisais, ingawa macho hudanganywa na maandishi. Pleuvoir na falloir, ambavyo hutumika katika nafsi ya tatu umoja, havina umbo la nous la kuanzia, lakini il pleuvait na il fallait hupokea kiambishi kilekile. Katika tahajia kuna mambo machache ya kuangalia: manger huongeza e ili g isibadilike sauti (je mangeais, lakini nous mangions), commencer huandikwa kwa ç mbele ya a (je commençais), na étudier huleta i mbili zinazofuatana, nous étudiions, ambazo wengi hudhani ni kosa la uchapaji.

Anayebaki nje ni être. Sababu ya kwanza iko wazi: umbo lake la nous ni sommes, lililotokana na sumus ya Kilatini, na ndilo umbo pekee la nous katika wakati uliopo lisiloishia na -ons. Hakuna cha kuondoa, kwa hiyo kanuni haina pa kushika. Sababu ya pili ni ya kihistoria. Kifaransa cha kale kilikuwa na maumbo mawili ya kitenzi hiki kwa wakati huu: moja, ere, lilitoka kwenye eram ya Kilatini, na jingine, estoie, lilikuwa na shina est-. La kwanza lilitoweka, la pili likaendelea. Baadaye s ikaacha kutamkwa na nafasi yake ikachukuliwa na alama juu ya e, badiliko ambalo kamusi ya Académie française, taasisi inayosimamia lugha ya Kifaransa, ya mwaka 1740 ililieneza katika maneno mengi. Tahajia ya -ois na -oit, ambayo mwandishi Voltaire aliipinga katika karne ya 18, ilisubiri hadi toleo la mwaka 1835 ndipo kamusi hiyo ikakubali -ais na -ait. Hivyo ndivyo estoit ilivyokuwa étoit, kisha était. Tazama vizuri utaona kwamba ukaidi wa être umo katika shina tu. Viambishi vyake ni vya kawaida kabisa.

Kwa maoni yangu, ugumu wa kweli hauko katika kuunda bali katika kuchagua kati ya imparfait na passé composé, yaani wakati uliopita wa tendo lililokamilika, hasa kwa mzungumzaji wa Kiswahili ambaye -li- yake huweza kubeba zote mbili. Linganisha sentensi hizi: Quand il est entré, elle écrivait une lettre, na Quand il est entré, elle a écrit une lettre. Ya kwanza ina maana kwamba alipoingia alimkuta akiandika barua. Ya pili, kwamba alipoingia ndipo naye akaandika barua. Imparfait humweka msemaji ndani ya tendo likiwa linaendelea, bila kuangalia lilianza lini wala liliisha lini, na ndiyo maana hufaa kwa maelezo ya mandhari, hali na mazoea. Walimu wengine hufundisha kwamba tendo refu huchukua imparfait, na hapo huwapotosha wanafunzi: J'ai vécu dix ans à Paris ni miaka kumi mizima, lakini kwa kuwa imefungwa kwa mipaka yake, passé composé ndiyo hutumika. Uchaguzi huu huweza hata kubadili maana ya kitenzi, kwani je savais ni nilikuwa najua, ilhali j'ai su aghalabu ni nilipata kujua.

Mtego mwingine uko baada ya neno la Kifaransa si, yaani "kama" ya sharti. Kiswahili hurudia -nge- pande zote mbili, ningekuwa na nafasi ningekuja, na mwanafunzi hushawishika kusema si j'aurais le temps. Kifaransa sanifu hudai imparfait upande wa sharti, na hali ya masharti upande wa pili pekee: Si j'avais le temps, je viendrais. Imparfait hiyo haisemi lolote kuhusu jana. Huonyesha tu kwamba jambo haliko hivyo sasa. Umbali huohuo kutoka kwenye hali halisi ya sasa ndio unaoifanya Je voulais vous demander isikike kwa adabu zaidi kuliko je veux, ingawa anayesema bado anataka kuuliza.