Je, wajua kwa nini zambarau hupaka ulimi rangi na kukausha mdomo?

Mtoto aliyetoka kupanda mzambarau hahitaji kuulizwa alikuwa wapi. Mwambie atoe ulimi tu. Shati la shule nalo litamtolea ushahidi.

Rangi ile ni ya kemikali ziitwazo anthosiyanini, ambazo zimejaa zaidi kwenye ganda. Huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mate yanatosha kuzisambaza mdomo mzima. Tunda likiwa changa ni la kijani. Likianza kuiva huingia wekundu, kisha anthosiyanini zinavyozidi linakolea hadi kukaribia weusi. Ndege wakiliona hivyo hawasubiri kukaribishwa: wanakula, wanaenda kuangusha kokwa mbali, na mti umepata ulichoitakia mbegu yake.

Ila rangi yenyewe ni kigeugeu. Ponda maganda machache kwenye maji, chuja, gawa kwenye glasi tatu. Ya kwanza ikamulie limau: inakuwa nyekundu. Ya pili tia magadi kidogo: inaelekea buluu, na ukizidisha, kijani. Ya tatu iache ilivyo, uwe na ya kulinganishia. Asidi na magadi hubadili umbo la molekuli ya anthosiyanini, na umbo likibadilika, mwanga inaoufyonza nao hubadilika. Ndiyo maana doa la zambarau ukilivamia kwa sabuni ya mche linageuka la buluu. Mimi huanza na limau.

Ule ukavu ni kazi ya tanini, kemikali nyingine zilizomo kwenye tunda. Mate yana protini zinazoufanya mdomo uteleze. Tanini huzinasa na kuzigandanisha, utelezi ukaisha, ulimi ukabaki kama umelamba kitambaa. Huo ndio ukakasi, neno ambalo siku hizi tunalisikia zaidi kwenye kauli za wanasiasa kuliko kwenye matunda. Si ladha hasa, ni mguso. Aliyewahi kula bibo au kunywa chai ya rangi iliyokolea mno anaujua. Zambarau ikiiva vizuri ukakasi hupungua, na watoto wana ufundi wao: bakuli, chumvi, funika, tikisa. Chumvi huvuta maji ya tunda nje, zambarau zikalainika.

Tunda hili, Syzygium cumini, lina asili ya Bara Hindi, na ni ndugu wa karafuu. Jamaa yake wa porini, zambarau mwitu (Syzygium guineense), ni wa hapa hapa Afrika.

Na afya? Kwenye chupa ya maabara, anthosiyanini huzima kemikali zinazoharibu seli. Mwilini mambo si mepesi hivyo: kiasi kidogo tu hufyonzwa kama kilivyo, kingine hukatwakatwa na bakteria wa utumbo. Kokwa zimetumika tangu zamani India kama dawa ya kisukari, na zimeshusha sukari kwa panya wa maabara. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba. Anayekunywa unga wa kokwa hizo pamoja na vidonge vya kisukari amwambie daktari, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.