Rubani wa vyombo: somo chukua mtandaoni, namba chukua kwenye AIP

Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na huo ndio msimu ambao reting ya vyombo, yaani idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, hufanya kazi yake hasa. Makala haya ni kwa marubani wenye reting hiyo wanaoruka kuja Mtwara, Lindi, Kilwa na Nachingwea. Wengi siku hizi hujinoa kwa video, kozi za mtandaoni na programu za tableti. Ni jambo jema na hakuna anayelikataza. Shida huanza pale somo lililoandaliwa kwa anga ya Ohio linapobebwa hadi Mtwara bila kubadilishwa hata namba moja. Namba za hapa ziko kwenye AIP, kitabu rasmi cha taarifa za anga cha nchi.

Vitabu viwili vya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kimoja cha kuruka kwa vyombo na kingine cha taratibu zake, hupakuliwa bure. Kwa kusoma vyombo kwa mpangilio, kusahihisha upepo na kuingia kwenye mzunguko wa kusubiri, hatuna cha kuvilaumu. Ila Tanzania inafuata taratibu za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na tofauti zake si za maneno tu. Marekani, alama ya kugeuka kwenye ramani ya mkaribio (njia ya kushuka kwenda kutua) humwachia rubani achague namna ya kugeuka. Kwetu mgeuko uliochorwa ndio unaorukwa, na unauingia ukiwa ndani ya nyuzi 30 kila upande wa mstari wa kutokea. Ukija nje ya hapo, pita kwanza kwenye mzunguko wa kusubiri. Mwendo wa kusubiri kwao ni noti 200 (maili za baharini kwa saa) hadi futi 6,000. ICAO huruhusu 230 hadi futi 14,000, isipokuwa ramani iseme vingine. Katika kuzunguka kiwanja ili utue upande wa pili, ICAO humlinda rubani wa kundi B (makundi ya ndege hupangwa kwa mwendo wa kukaribia kutua) kwa maili 2.66 za baharini kutoka kwenye kizingiti, wakati Marekani kwa miaka mingi ilikuwa 1.5. Tofauti hiyo si ruhusa ya kutanga. Njia ya kurukia ya Mtwara imelala 01 na 19, yaani karibu nyuzi 10 na 190. Kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki, atakayekuja kwa upande wa 01 huenda akalazimika kuzunguka, na mwendo uliokadiriwa kwa kundi B katika kuzunguka ni noti 135, si zaidi.

Kanuni ya "moja, mbili, tatu" ya kiwanja mbadala, pamoja na viwango vya 600-2 na 800-2 (wingu futi 600 au 800, uonekano maili 2), ni sheria za Marekani. Tafadhali tusizione tena kwenye maelezo ya safari za ndani ya Tanzania. Hali kadhalika mikaribio ya LPV, ile ya GPS yenye mwongozo wa wima, ambayo nusu ya video huisifia: mifumo inayoiwezesha kwa kusahihisha GPS, WAAS ya Marekani na EGNOS ya Ulaya, haihudumii anga letu. Hata kipokezi chako kiwe cha bei gani, hapa utaruka kwa viwango vya LNAV (mwongozo wa upande tu) pale vilipochapishwa, na kabla ya kuondoka utakagua utabiri wa RAIM, yaani uwezo wa kipokezi kujikagua usahihi, kwa saa ya kufika. RAIM inahitaji setilaiti 5 ili igundue kosa na 6 ili iitoe setilaiti mbovu.

Kuna namba moja inayosahaulika kwa sababu ni nadra. Ukanda wetu hauna kawaida ya shinikizo lililo chini ya hektopaskali 1000, lakini kimbunga kikikaribia linaweza kushuka. Rubani aliyefundishwa kupanga kipimo cha urefu kwa inchi za zebaki akisikia "992" mkono humpeleka kwenye 29.92, ambayo ni sawa na 1013. Kosa hilo ni la hektopaskali 21: kipimo kitamwonyesha yuko juu kwa kama futi 600 kuliko alivyo kweli, na futi 600 ndani ya wingu ndiyo nafasi yote aliyokuwa nayo. Wanaodhani vimbunga ni habari ya Msumbiji peke yake wakumbuke kwamba Kenneth wa Aprili 2019 alitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Hidaya wa Mei 2024 alikuja hadi pwani yetu. Taarifa za vimbunga vya upande huu wa Bahari ya Hindi hutolewa na kituo cha La Réunion na huonekana mtandaoni. SIGMET (onyo la hali mbaya angani) na TAF (utabiri wa kiwanja) zichukue kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ramani za rangi za Windy ni picha za modeli. Zinafaa kuonyesha mwelekeo wa mambo, lakini hakuna atakayekupokea na picha ya skrini kama utabiri wa kiwanja.

Sasa saa. Hili linatuchosha kuliko yote. Kila muda kwenye NOTAM (tangazo kwa marubani), TAF na mpango wa safari ni UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili mchana njia ya mkato ni rahisi: toa tatu. 0600 ni saa tatu asubuhi, 0900 ni saa sita mchana, 1200 ni saa tisa alasiri. NOTAM yenye B) 2411050300 (mwanzo) na C) 2411051200 (mwisho) inaanza tarehe 5 Novemba 2024 saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa tisa alasiri siku hiyohiyo. Ikiwa mwisho wake una neno EST (makadirio), haifi yenyewe muda huo ukipita. Inabaki hadi ifutwe au ibadilishwe kwa nyingine. Kosa la kila siku ni hili: rubani anataka kuondoka saa tatu asubuhi, tableti inaonyesha saa ya hapa, anaandika 0900 kwenye sehemu ya 13 ya mpango wa safari. Saa tatu anaita mnara ameshawasha injini, mpango wake unasema saa sita. Kisha analalamika kwamba waongoza ndege wamemchelewesha.

Mpango uwasilishwe angalau dakika 60 kabla ya muda wa kuondoka, na safari inayoongozwa ikichelewa zaidi ya dakika 30 urekebishwe au uandikwe upya. Sehemu ya 8 andika I ikiwa safari nzima ni ya vyombo. Ukienda kiwanja kisicho na mkaribio wa vyombo, andika Y, kisha kwenye sehemu ya 15 taja pointi utakapobadilika na neno VFR (kuruka kwa kuona). Ukiweka herufi R kwenye sehemu ya 10, sehemu ya 18 lazima iwe na PBN/ (urambazaji unaotegemea utendaji) na misimbo yake. Programu nyingi hujaza moja na kuisahau nyingine. Kiwanja kisicho na msimbo wa ICAO huandikwa ZZZZ na jina lake likafuata DEST/ au DEP/. Sehemu ya 19, E/ ni saa na dakika za mafuta, si lita. Njia ya pwani hupita juu ya maji, kwa hiyo vifaa vya baharini na majaketi ya kujiokoa vielezwe kama vilivyo ndani ya ndege, si kama programu ilivyovijaza mwaka juzi.

Kiwanja mbadala nacho. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni takribani maili 38 za baharini, na kwa sababu hiyo tu watu huiandika HTLI, msimbo wa Lindi, ili hesabu ya mafuta ipungue. Viwanja vyote viwili viko pwani. Wingu lililoifunika Mtwara kutoka baharini mara nyingi limeifunika na Lindi. Mbadala unahitaji utabiri unaoonyesha hali itakuwa ndani ya viwango saa utakayofika, na kiwanja ambacho hakitolewi TAF hakikupi cha kuthibitisha. Chukua ndege ya noti 150 inayokula lita 60 kwa saa, bila upepo. Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama maili 216, dakika 86. Kurudi Dar kama mbadala, dakika 86 nyingine. Akiba ya mwisho kwa injini ya pistoni, dakika 45. Jumla dakika 217, yaani lita 217, kabla ya kuongeza mafuta ya kutembea ardhini na ya dharura. Ukiiacha programu kwenye galoni za Marekani, kila galoni ni lita 3.785, na makosa ya kujaza tenki huzaliwa hapo. Uliza pia, kabla ya kuondoka, kama mafuta ya aina yako yapo uendako. Pemba ya Msumbiji iko karibu kuliko Dar, kama maili 160, lakini kuna mpaka, na vibali vyake havitafutwi ukiwa hewani.

Kuhusu simyuleta ya nyumbani: fanya mazoezi upendavyo. Kati ya saa 40 za vyombo zinazotakiwa na viwango vya ICAO kwa reting, za ardhini hazizidi 20, au 30 kwa simyuleta kamili, na zote ziwe za kifaa kilichoidhinishwa. Kuandika saa za kompyuta yako kwenye logibuku ni taarifa ya uongo. Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na kanuni zake zinaipa Mamlaka ya Usafiri wa Anga uwezo wa kusimamisha au kufuta leseni, na "mwalimu wa mtandaoni alisema" si utetezi. Vivyo hivyo kwa hifadhidata ya GPS: mzunguko wa AIRAC, ratiba ya kusasisha taarifa za anga, ni siku 28, na tarehe ya mwisho huonekana skrini inapowaka. Isome.

Mwisho wa safari, mpango hufungwa. Kiwanja kikiwa na mnara, mnara hufanya hivyo. Pasipo mnara ni kazi yako, kwa redio kabla hujashuka sana au kwa simu ukishatua. Dakika 30 baada ya muda wako wa kufika bila habari, INCERFA (hatua ya wasiwasi) hutangazwa, kisha ALERFA (hatua ya tahadhari), na watu huanza kupigiwa simu na kutumwa. Namba ya simu ya kituo cha kuongoza ndege iandike kwa kalamu kwenye kibao cha goti. Tableti iliyokuwa juani tangu Kilwa huenda imezima.