Gugumaji la Winam hulishwa kutoka mlimani

Gugumaji likiziba ufuo wa Dunga, Kisumu, swali huwa moja: mashine ya kulivuna italetwa lini? Sina ugomvi na mashine. Mvuvi anataka njia ya mashua leo, hawezi kungoja. Lakini kazi yangu ni kupima maji ya mito inayoingia ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na nikiulizwa pesa zaidi ziende wapi, nitasema zipande mlima hadi Tinderet na Nandi, kisha zishuke na mto.

Chanzo ni fosforasi, kirutubisho cha mimea. Sehemu kubwa yake hunata kwenye chembe za udongo na kusafiri nazo. Mto Nyando, unaotoka nyanda hizo za juu ukapita Muhoroni na Ahero, ni mmoja wa mito inayolimwagia Ziwa Victoria tope jingi zaidi upande wa Kenya. Ghuba yenyewe ina kina kifupi na mlango mwembamba wa kutokea ziwani, kwa hiyo kinachoingia hakiharakishi kutoka. Gugumaji, tulilonalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hapo hupata chakula tele.

Sasa tazama kalenda ya mkulima. Mwezi wa Machi shamba limelimwa, liko wazi kabisa, na DAP imetiwa shimoni pamoja na mbegu. DAP ni mbolea ya fosforasi. Mvua za masika zikipiga mapema kuliko mahindi yalivyoota, mali ya mkulima inateremka mtoni. Ndiyo maana siamini ripoti ya mto iliyojengwa juu ya sampuli za kiangazi tu. Tope la msimu mzima linaweza kupita katika saa chache za mafuriko machache, nawe uko ofisini.

Wanachama wa vyama vya watumiaji maji, vilivyopewa nafasi na Sheria ya Maji ya 2002 na kuendelezwa na ile ya 2016, wanaishi pale pale mtoni, na hata usiku wanausikia ukijaa. Kifaa chao cha kupima tope ni mrija mrefu unaopitisha mwanga, wenye alama nyeusi na nyeupe kitakoni. Unamimina maji polepole ukichungulia kutoka juu. Alama ikipotea, unaacha na kusoma sentimita. Katika maji safi unaujaza mrija wote na alama bado unaiona. Mto ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, vidole vichache vya maji vinatosha kuificha.

Kuzuia udongo si elimu ngeni. Fanya juu inajulikana Kenya nzima: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, kisha unapanda nepia, nyasi za kulisha ng'ombe, kwenye tuta. Ugumu ni kuuweka mtaro usawa, kwani ukiinama kidogo maji yatakimbilia pembeni na kubomoa. Miti mitatu inatosha: unaifunga iwe kama herufi A, unaning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni, na uzi ukilala katikati ya ule mti wa kulala, miguu miwili iko usawa. Mwenye ng'ombe haombwi mara mbili kupanda nepia. Asiye na ng'ombe atakuuliza atakula nini kwenye tuta lile, na ana haki ya kuuliza.

Kuna jambo ambalo wapanda miti wa siku za hotuba hawalitaji: kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Barabara ya murram hukusanya maji ya mlima mzima na kuyatema kwenye shamba la mtu mmoja, na korongo likaanzia hapo. Pale Katuk Odeyo, Nyakach, makorongo yamekata mashamba vipande vipande, na huko huwezi kumtupia mkulima mmoja mzigo wote.

Ukingo wa mto ndio wenye kesi. Kanuni za Kenya hupima eneo la kuachwa bila kulimwa kwa upana wa mto wenyewe, lisipungue mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande. Kwenye shamba la nusu ekari, mita 6 ni karo ya shule. Ukienda na futi ya kupimia peke yake utafukuzwa. Penye mikaratusi, napendekeza mwenyewe aivune ikikomaa, asiache machipukizi, na apande mianzi au nyasi za lishe anazoweza kukata na kuuza. Ng'ombe nao wajengewe birika mbali na ukingo, kwa maana njia yao ya kwenda kunywa, ikikanyagwa miaka mitatu minne, huwa korongo jingine.