Kwa nini shaba nzito huelea na mchanga mwepesi huzama?

Kila aliyewahi kushika karai la kuoshea dhahabu anaijua kanuni: kizito hubaki, chepesi huondoka na maji. Hivyo ndivyo dhahabu inavyokamatwa Chunya, na hivyo ndivyo ilivyokamatwa California mwaka 1849. Lakini ingia kwenye kiwanda cha kuchenjua shaba, kiwe cha Utah, Marekani, au cha Kolwezi, Kongo, utazame tangi la tope linalotibuka kwa viputo vya hewa. Juu yake pana povu zito la kijivu lenye mng'ao wa shaba, na povu hilo ndilo lililobeba mali. Mchanga usio na kitu umebaki chini na unatolewa kama marudio, yaani mabaki ya kutupwa.

Hesabu ya uzito haikubali. Kalkopairiti, madini yanayotoa sehemu kubwa ya shaba duniani, ina uzito wa mara 4.2 ya maji. Kwatzi, yaani lile jawe jeupe linaloizunguka, ni mara 2.65 tu. Galena, madini ya risasi, ni mara 7.5, nayo ni miongoni mwa madini yanayoelea kwa urahisi kabisa. Kilicho kizito zaidi ndicho kinachopanda.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba mafuta yanayotiwa humo huifanya shaba iwe nyepesi. Watu wengi wanaamini hivyo, hata baadhi ya wanaofanya kazi karibu na matangi hayo, kwa hiyo inafaa tulipime kwa tarakimu. Mafuta yana uzito wa takriban 0.9 ya maji. Ili ujazo mmoja wa kalkopairiti uelee kwa msaada wa mafuta peke yake, unahitaji kuubandika kwenye ujazo wa mafuta mara 32. Tani moja ya mawe yenye asilimia 1 ya shaba ina kilo 10 za shaba, ambazo zimo ndani ya kilo 29 hivi za kalkopairiti, sawa na lita 7 kasoro kidogo. Zidisha kwa 32: zaidi ya lita 200 za mafuta kwa kila tani ya mawe. Kiwanda halisi kinatia gramu 10 hadi 100 za dawa ya kukusanya madini, na gramu zisizozidi makumi machache za dawa ya povu. Kiasi hicho hakiwezi kubadilisha uzito wa kitu chochote humo.

Jibu la pili lililokosewa ni kwamba dawa huyeyusha shaba kisha ikapanda na povu. Hakuna kinachoyeyushwa. Kuyeyusha ni njia nyingine kabisa, inayotumia asidi. Kinachopanda hapa ni punje ngumu zilezile zilizosagwa, zikiwa bado na chuma na salfa yake ndani. Ndiyo maana makinikia ya shaba, yaani unga wa madini uliokusanywa kutoka kwenye povu, huwa na asilimia 25 hadi 30 ya shaba, si 99: kalkopairiti safi yenyewe haina zaidi ya asilimia 34.6. Na ndiyo maana ni kosa kuyaita makinikia mchanga, kama wengi walivyoyaita mwaka 2017 Tanzania ilipozuia makontena yake kusafirishwa nje. Makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yalikuwa yametoka kwenye matangi ya povu, yaani kazi kubwa ya uchenjuaji ilikuwa imekwisha kufanyika.

Ukweli uko kwenye uso wa punje. Tazama jani la mgimbi baada ya mvua. Maji hayaenei juu yake. Yanajikunja kuwa matone na kubiringika, na jani linabaki kavu. Sasa lizamishe jani hilo kwenye ndoo: utaliona limevaa ngozi nyembamba ya fedha inayometameta. Ngozi hiyo ni hewa. Uso unaokataa maji huishika hewa hata ukiwa chini ya maji, na hewa ikishapata pa kushika, haiachii kirahisi. Jani la mgomba lililochakaa, au kipande cha udongo, kikizamishwa kinalowa mara moja na hakibebi hewa yoyote. Uzito haujaingia popote katika tofauti hiyo.

Kwatzi hupenda maji na hulowa papo hapo. Salfaidi, yaani madini ambamo shaba, risasi au zinki imeungana na salfa, hazilowi hivyo, au zinaweza kufanywa zikatae maji kabisa. Kazi hiyo ni ya dawa inayoitwa zanthati. Molekuli yake ina ncha mbili: ncha yenye salfa hushikamana na metali iliyoko kwenye uso wa salfaidi, na mkia wake wa kimafuta huelekea nje, kwenye maji. Punje ikifunikwa na mikia hiyo, hata kwa tabaka la unene wa molekuli moja, tayari uso wake ni wa kukataa maji. Kwatzi haina mahali pa ile ncha kushika, kwa hiyo inabaki ilivyo. Gramu chache zinatosha tani nzima kwa sababu zinapaka uso wa madini tu.

Kinachoinua ni kiputo. Kiputo cha hewa cha milimita 1 kinasukuma maji yenye uzito wa miligramu 0.52. Punje ya kalkopairiti ya milimita 0.1, ikiwa majini, inavuta chini kwa miligramu 0.0017 hivi. Kiputo kimoja basi kina nguvu ya kubeba punje kama 300, ingawa kwa kawaida hubeba pungufu kwa sababu punje huteleza na kujikusanya upande wake wa chini. Lakini ongeza punje hadi milimita 1 na hesabu inageuka: inavuta kwa miligramu 1.7, na kiputo kile hakiwezi tena. Hapo ndipo penye sababu ya kusaga. Mawe husagwa kwenye vinu vya mipira ya chuma hadi sehemu kubwa ipite milimita 0.2 au chini yake, ili shaba iachane na kwatzi na pia iwe nyepesi ya kutosha kubebwa.

Kiwandani, tope lenye asilimia 25 hadi 40 ya mango (unga wa mawe) hutiwa chokaa hadi pH, kipimo cha asidi na alkali, ifike kati ya 10 na 11.5. Chokaa inafanya kazi mbili: inaizuia pairiti, salfaidi ya chuma isiyo na shaba, isielee, na inailinda zanthati, ambayo kwenye tope lenye asidi huvunjika na kutoa kaboni disalfaidi, mvuke wa sumu unaowaka moto kirahisi. Kwa hiyo chokaa hutangulia. Zanthati ikifuata, tope hukorogwa dakika chache ili dawa ishike. Mwisho huja dawa ya povu, kama mafuta ya msonobari, ambayo kazi yake ni kuzuia viputo visiungane na kupasuka kabla havijafika ukingoni. Tangi la kwanza hukusanya kila kinachoweza kupanda. Povu lake huoshwa tena kwenye matangi ya pili na ya tatu ili kuondoa kwatzi iliyonaswa, na tope lililobaki hupewa nafasi nyingine kabla ya kutupwa. Kati ya kilo 10 za shaba, 9 zikikamatwa, utapata kilo 32 hivi za makinikia kutoka tani nzima ya mawe.

Mambo huharibika kwa njia nyingi. Ukisaga mno, punje zinazopungua mikroni 10 (milimita 0.01) hufuata mkondo wa maji na kukipita kiputo pembeni bila kukigusa. Ukisaga kidogo, punje kubwa hung'oka kwenye kiputo kwa msukosuko wa rota, yaani pangaboi linalokoroga tangi. Dawa ya povu ikizidi, povu huwa kavu na gumu, linafurika sakafuni na kubeba kila uchafu. Udongo wa mfinyanzi hufunika uso wa shaba, na dawa haina pa kushika.

Wamarekani hawakuivumbua njia hii peke yao. Ujerumani, Uingereza na hasa Broken Hill kule Australia zina sehemu kubwa. Lakini Marekani ina jina moja linalostahili kutajwa sawasawa: Carrie Everson. Hadithi iliyozungushwa kwa miaka mingi inasema alikuwa mwalimu wa shule aliyekuwa akifua magunia ya mawe ya kaka yake, akaona madini yakielea na mafuta. Hadithi hiyo si kweli, na inamnyima haki yake. Everson alikuwa mke wa daktari wa Chicago, alijifunza kemia, akafanya majaribio ya makusudi, na tarehe 24 Agosti 1886 akapewa hataza (haki ya uvumbuzi) namba 348,157 ya kutenga madini kwa mafuta na asidi. Alikwisha kutambua kwamba asidi inaongeza uwezo wa mafuta kuchagua. Hakulipwa chochote cha maana kwa kazi hiyo.

Ilipofika mwaka 1911, James Hyde alijenga mtambo wa povu huko Basin, Montana, na kampuni ya London iliyoitwa Minerals Separation ikamshtaki. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwezi Desemba 1916 kwamba hataza ya kampuni hiyo ni halali, ila kwa mafuta yasiyofika asilimia 1 ya uzito wa mawe. Kampuni moja ya Butte ikaongeza mafuta kupita asilimia 1 ili ikwepe malipo, ikawa inatumia zaidi ya inavyohitaji kwa sababu ya sheria na si ya kemia. Mafuta yenyewe yalianza kuondoka jukwaani Cornelius Keller alipopata hataza ya zanthati mwaka 1925.

Mara nyingi husemwa kwamba povu ndilo lililoufungua mgodi wa Bingham Canyon, Utah. Tarehe zinakataa. Daniel Jackling na Robert Gemmell waliupima mwaka 1899, wakakuta mawe yenye takriban asilimia 2 ya shaba. Kampuni ikaundwa 1903, na masepetu ya mvuke yakaanza kuchimba 1906. Uchenjuaji wa wakati huo ulikuwa wa meza za kutikisa, kwa kanuni ileile ya karai. Tatizo lake ni kwamba salfaidi za shaba ni dhaifu, husagika kuwa unga haraka kuliko kwatzi, na unga huo mzito ulikwenda na maji. Sehemu kubwa ya shaba ilipotea. Povu lilipoingia, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, ndilo lililowezesha mgodi huo kuendelea hadi mawe yenye chini ya asilimia 1.

Njia hii ina mpaka, na Kolwezi wanaujua vizuri. Malakaiti, shaba ya kijani ya Katanga, haina salfa, na zanthati haiishiki ipasavyo. Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni kutia kwanza kemikali ya salfa, ili uso wa malakaiti ugeuke salfaidi kwa tabaka jembamba. Kemikali hiyo ikizidi kidogo tu, inazuia kila kitu kisielee. Ya pili ni kutumia asidi za mafuta zinazoishika malakaiti moja kwa moja, na Kolwezi walizipata kwenye mawese, wakayachanganya na dizeli. Mchanganyiko huo unafaa pale mawe yanapokuwa ya kwatzi. Yakiwa ya dolomaiti, jiwe la jamii ya chokaa, haufai, kwa sababu asidi hizo hushika dolomaiti pia na kuipandisha pamoja na shaba. Hapo inabidi warudi kwenye salfa.